"Let": Vitenzi Viwili Ndani ya Kanzu Moja

Katika sura ya tano ya kitabu cha Kutoka, kwenye Biblia ya Kiingereza iliyochapwa mwaka 1611 chini ya Mfalme James, Musa na Haruni wanasimama mbele ya Farao na kumfikishia ujumbe wa Mungu: "Let my people go." Hiyo ni aya ya kwanza, na Biblia ya Kiswahili ya Union Version inaitafsiri bila shida yoyote, "Wape watu wangu ruhusa waende." Aya tatu mbele, Farao anajibu kwa ukali: "Wherefore do ye, Moses and Aaron, let the people from their works?" Kitenzi kinaonekana ni kile kile, kwa herufi zile zile tatu, lakini Farao hawalaumu wazee hao kwa kuwaruhusu watu jambo lolote. Anawalaumu kwa kuwazuia watu wasiendelee na kazi, na ndiyo maana Kiswahili kinazungumza hapo juu ya kuwaachisha watu kazi zao. Katika aya nne tu "let" imesimama upande wa ruhusa, kisha ikasimama upande wa kizuizi, bila kubadilisha hata herufi moja.

Msomaji aliyejifunza Kiingereza shuleni anaijua "let" moja tu, ile ya kuacha na kuruhusu. Akikutana na ile nyingine hakwami, na hapo ndipo penye hatari. Neno la kale usilolijua kabisa hukusimamisha, ukafungua kamusi au ukamuuliza mwenzio. Neno la kale unalodhani unalijua hukupitisha moja kwa moja hadi kwenye maana iliyo kinyume, nawe unafunga kitabu ukiwa umeridhika.

Yapo maelezo yanayozunguka mitandaoni kwamba "let" ni miongoni mwa maneno yanayojipinga yenyewe, kwamba zamani lilimaanisha kuzuia na baadaye likapinduka hadi kumaanisha kuruhusu. Ni maelezo matamu, ila hayako sawa. Hakuna neno lililopinduka. Vilikuwa vitenzi viwili mbalimbali, kila kimoja na umbo lake, mnyambuliko wake na maana yake, ambavyo matamshi yake yalisogeleana polepole kwa karne kadhaa hadi vikajikuta vimevaa kanzu moja. Kimoja kiliendelea kuishi na ndicho tunachokitumia hadi leo. Kingine kilidhoofika kikaachwa, na mabaki yake ndiyo yanayotutatiza katika maandishi ya kale.

Katika Kiingereza cha Kale, kile kilichozungumzwa kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, kitenzi cha kuruhusu kilikuwa "lǣtan", chenye irabu ndefu na "t" moja. Kitenzi cha kuzuia kilikuwa "lettan", chenye irabu fupi na "t" mbili, na hizo "t" mbili hazikuwa pambo la tahajia: zilitamkwa kwa kukazwa, kama konsonanti inavyokazwa katika Kiarabu penye shadda. Kwa sikio la mtu wa wakati ule, maneno hayo mawili yalitofautiana mahali pawili kwa mpigo, kwenye irabu na kwenye konsonanti, na hakuna ambaye angeyachanganya.

Mzungumzaji wa Kiswahili ana njia fupi ya kuielewa "lettan" kuliko Mwingereza mwenyewe. Kitenzi hicho kiliundwa kutokana na kivumishi kilichomaanisha "enye kukawia", ambacho ndicho kilichozaa neno "late" la leo, kwa kutiwa kiambishi cha kutendesha. Kiambishi hicho kilikuwa sauti kama "y" iliyowekwa baada ya shina katika lugha mama ya Kiingereza, Kijerumani na Kiholanzi, na ndicho kilichosababisha "t" ikazwe na irabu "a" ya shina iwe "e", kabla ya chenyewe kumezwa. Kwa maneno mengine, "lettan" ni "chelewesha". Sisi tunachukua "chelewa", tunaitia kiambishi cha kutendesha, na mtoto wa shule ya msingi anaona wazi kwamba anayechelewesha amemfanya mwingine achelewe. Kiingereza kilifanya kazi hiyo hiyo, kisha kikapoteza kiungo kilichoionyesha, na leo Mwingereza anayesema "late" na anayesoma "let" ya kale hana habari kwamba anashika mzazi na mwana. Kutoka kwenye kumchelewesha mtu hadi kumzuia ni hatua ndogo mno. Aliyecheleweshwa vya kutosha amezuiwa. Kila aliyewahi kuambiwa arudi kesho na karani wa ofisi yoyote analijua hilo.

Mfano wa zamani wenye kupendeza umo katika Beowulf, utenzi mrefu wa Kiingereza cha Kale ambao umetufikia kwa nakala moja tu ya mkono, iliyoandikwa karibu na mwaka 1000. Shujaa anasimulia jinsi alivyopigana na madubwana ya baharini usiku kucha, na kulipokucha yakawa yamelala ufuoni yamekufa, na tangu siku hiyo hayakuwazuia tena mabaharia safari yao. Maneno ya mwisho ni "lāde ne letton", yaani safari hawakuizuia. Tuiweke akilini picha hiyo ya wasafiri ambao sasa hawana wa kuwazuia njiani, kwa sababu tutakutana nayo tena mahali ambapo hakuna anayeitegemea.

Kuungana kwa vitenzi hivi hakukuwa tukio la siku moja. Katika Kiingereza cha Kati, kilichozungumzwa takribani kati ya mwaka 1100 na 1500, konsonanti zilizokazwa ziliacha kukazwa, hivyo alama ya kwanza ya tofauti ikafutika. Miishio ya vitenzi ikadondoka mmoja mmoja. Irabu ndefu ya kitenzi cha kuruhusu nayo ikafupishwa. Mwisho wa yote kukabaki silabi moja yenye irabu fupi na "t" moja, na vitenzi vyote viwili vikawa humo. Kiholanzi, ambacho ni ndugu wa karibu wa Kiingereza, hakikupatwa na ajali hiyo: hadi leo "laten" ni kuruhusu na "beletten" ni kuzuia, na Mholanzi hana la kufafanua. Kijerumani kimebaki na "lassen" kwa ruhusa, na jamaa ya "lettan" inaishi humo ndani ya "verletzen", kitenzi cha kujeruhi, kwa njia ya maana inayoeleweka bila kusukumwa, maana aliyejeruhiwa naye amezuiwa mwendo.

Kwa uaminifu ni lazima niongeze jambo moja ambalo linachafua kidogo unadhifu wa hadithi hii. Ukichimba chini zaidi ya Kiingereza, chini hata ya lugha mama ya Kijerumani na Kiholanzi, wataalamu wa asili ya maneno huvirudisha vitenzi vyote viwili kwenye shina moja la kale sana lililomaanisha kulegeza. Aliyelegeza kamba ameachilia kilichofungwa, na hapo inapatikana ruhusa. Aliyelegea mwili anakawia, na hapo kunapatikana kuchelewa, kisha kuchelewesha, kisha kuzuia. Kiswahili kinaweza kuufuata mwendo huo hatua kwa hatua kwa "legea" na "legeza" bila kutoka jasho. Kwa hiyo hao wawili si wageni kabisa kwa kila mmoja. Ni binamu waliotengana zamani, wakakua katika nyumba mbili, kisha wakarudi wakiwa na sura moja na tabia mbili. Hata hivyo hilo haliwapi haki wale wanaosema neno lilipinduka, kwa sababu wakati "let" ya kuzuia inatumiwa na watu walio hai, mwenzake wa kuruhusu alikuwa pembeni yake kila siku.

Swali la msomaji wa leo ni namna ya kuwatambua. Muktadha husaidia, lakini sarufi husaidia zaidi, na hili halisemwi vya kutosha. "Let" ya kuruhusu haipendi kusimama peke yake. Karibu kila mara huleta mtu anayeruhusiwa na kisha kitendo anachoruhusiwa, kwa umbo tupu lisilo na "to": let him go, let them come. "Let" ya kuzuia huridhika na shamirisho lake tu, mtu au jambo lililozuiwa, na kitendo kikitajwa mara nyingi huja kwa "from", kama ile kauli ya Farao. Ukiona "let" imemtaja mtu kisha sentensi ikaisha, au imetajwa katika hali ya kutendwa bila kitendo kingine kuifuata, simama. Katika Warumi 1:13 Paulo anasema mara nyingi alikusudia kwenda Roma "but was let hitherto". Aliruhusiwa kufanya nini? Hakuna jibu katika sentensi, kwa sababu hakuruhusiwa; alizuiwa, na Kigiriki cha asili kinatumia kitenzi cha kuzuia kisicho na utata. Katika Isaya 43:13 Mungu anasema, "I will work, and who shall let it?" Anayesoma hapa kwa mazoea ya leo atasikia Mungu akiuliza nani atamruhusu, yaani kama vile anaomba kibali, na aya nzima iliyoandikwa kutangaza uwezo usiozuilika inageuka kuwa ya mnyonge.

Shakespeare anatupa mfano ambao walimu wa fasihi wanaupenda, na wana haki. Katika onyesho la nne la tendo la kwanza la Hamlet, tamthilia ya karibu na mwaka 1600, mzimu wa mfalme aliyekufa unamwashiria mwanawe amfuate pembeni. Horatio na Marcellus wanaogopa na wanamshika mikono. Hamlet anajinasua na kusema, "Unhand me, gentlemen. By heaven, I'll make a ghost of him that lets me!" Tazama jukwaani: wanaume wawili wamemng'ang'ania, yeye anavuta mbele, upanga uko karibu. Hapo anaapa kwamba atakayemzuia atamfanya naye awe mzimu. Ukiisoma kwa "let" ya leo, Hamlet anatishia kumuua mtu atakayemruhusu kupita, jambo ambalo halina maana hata kwa mtu aliyejifanya mwendawazimu, na yeye wakati huo hajaanza hata kujifanya. Mfano huu ni mzuri kwa sababu mwili wa mchezaji unafasiri neno kabla ya kamusi: mtazamaji anaona mikono iliyoshika, na anaelewa.

Msomaji wa Waraka wa Pili kwa Wathesalonike hana mikono ya kuitazama. Sura ya 2, aya ya 7, inasema juu ya siri ya uasi ambayo tayari inatenda kazi, na kisha, "only he who now letteth will let, until he be taken out of the way." Maneno "will let" hayakuwa katika Kigiriki, wafasiri waliyaongeza ili sentensi ikamilike, na kwa kawaida yao ya uaminifu, nyongeza hizo huchapwa kwa herufi za mlalo katika matoleo ya Biblia hiyo. Basi tunaye mtu au nguvu fulani, ambayo sasa "inalet", na itaendelea "kulet", hadi iondolewe. Kigiriki kinatumia kitenzi cha kushikilia na kuzuia, na Biblia ya Kiswahili iko sawa kabisa inaposema "azuiaye". Wanateolojia wamebishana tangu karne za mwanzo za Kanisa juu ya nani huyo azuiaye; Tertullian, kwa mfano, aliiona dola ya Roma. Mabishano hayo yote yanasimama juu ya kitenzi kimoja. Kisome kwa maana ya leo, na anayeuzuia uovu usimwagike duniani anageuka kuwa anayeuruhusu umwagike. Wahariri wa Agano Jipya la Kiingereza lililorekebishwa na kutolewa mwaka 1881 waliona hatari hiyo na wakaandika "restraineth" badala yake. Kwa maoni yangu walifanya vizuri. Wapo wapenzi wa Biblia ya 1611 wanaotaka kila neno libaki lilivyo kwa ajili ya utamu wa lugha, na utamu huo naukubali, lakini neno likianza kusema kinyume cha alichokusudia mwandishi, kulibakiza si heshima tena kwa mwandishi huyo.

Jinsi mgongano huu unavyoweza kuivuruga lugha inaonekana vizuri zaidi tukichukua aya ambayo wafasiri wa 1611 hawakuitumia "let" hata kidogo. Marko 10:14 kwa Kiswahili inasema, "Waacheni watoto wadogo waje kwangu, msiwazuie." Kiswahili kimeweka "acha" na "zuia" bega kwa bega, kila moja na kazi yake. Kiingereza cha 1611 kinasema "Suffer the little children to come unto me, and forbid them not", ambapo "suffer" nalo ni neno la kale kwa maana ya kuruhusu, lisilohusika na mateso ambayo msomaji wa leo huyasikia humo. Fikiria sasa mfasiri mkaidi wa wakati ule ambaye angeamua kutumia "let" pande zote mbili: angepata sentensi yenye kusema "let them come, and let them not", na kila aliyesikia angeondoka akiamini kwamba Bwana amebadili nia katikati ya kauli.

Lugha haivumilii kwa muda mrefu jambo la namna hiyo. Homonimu, yaani maneno yenye umbo moja na maana mbalimbali, zikiwa hazigombani zinaweza kukaa pamoja milele. Kiswahili kina "kupaa" angani na "kupaa" samaki magamba, na hakuna mvuvi aliyewahi kudhani kwamba samaki wake ataruka. Lakini vitenzi viwili vinavyotumika na watu wale wale, katika mazingira yale yale ya kuamuru na kukataza, huku kimoja kikisema ndiyo na kingine kikisema hapana, haviwezi kugawana umbo moja bila mmoja kuhama. Aliyehama ni wa kuzuia, kwa sababu nafasi yake ilikuwa na wagombea wengi: "hinder" lilikuwepo tangu zamani, "stop" lilikuwepo, na "prevent" likaja kukaa hapo kwa nguvu. Hata hilo la mwisho lina kisa chake, maana katika Biblia ya 1611 "prevent" hutumika kwa maana ya kutangulia, kama katika Wathesalonike wa Kwanza 4:15, ambapo Kiswahili kinasema kwamba walio hai "hatutawatangulia" waliokwisha kulala mauti. "Let" ya ruhusa ikabaki imara, pamoja na kazi zake nyingine, kama ile ya kupangisha nyumba.

Kitenzi kilipokufa midomoni, mabaki yake yalijificha mahali patatu, na pote patatu ni mahali ambapo maneno hayabadilishwi kwa urahisi: ibada, sheria na michezo. Katika kitabu cha sala cha Kanisa la Uingereza cha mwaka 1662, sala ya Jumapili ya nne ya Majilio inakiri kwamba kwa dhambi zetu "we are sore let and hindered" katika kupiga mbio zilizowekwa mbele yetu. Ni sala ya mkimbiaji aliyekwazwa njiani. Hapo "let" imewekewa "hindered" pembeni kama mkalimani wake, na ndivyo ilivyozoeleka: kadiri neno lilivyozidi kufifia ndivyo lilivyohitaji mwenzake wa kulishika mkono.

Jozi hiyo hiyo ndiyo iliyoingia katika sheria kama "let or hindrance". Husemwa mara nyingi kwamba wanasheria wa Uingereza walipenda kuunganisha neno moja la Kiingereza na jingine la Kifaransa ili pande zote zielewe, na kwa jozi nyingine ni kweli, lakini hapa maelezo hayo yanafaa nusu tu, kwa kuwa "hinder" ni la Kiingereza tangu asili na ni mkia wake pekee ulioazimwa kutoka Kifaransa. Nadhani iliyobakiza jozi hii ni mlio wake, kama sisi tunavyosema "taabu na mashaka" au "heri na fanaka" bila kukusudia mambo mawili. Katika mikataba ya zamani ya ardhi na nyumba, mwenye mali huahidi kwamba mpangaji atakaa kwa amani "without any let", bila kuzuiwa, na mkataba huo huo unaeleza kwamba nyumba imekuwa "let", yaani imepangishwa. Vitenzi vile viwili vya Kiingereza cha Kale vinakutana hapo kwenye karatasi moja na kutiwa sahihi pamoja.

Mahali panapojulikana zaidi ni pasipoti. Ya Uingereza inaomba na kutaka, kwa jina la mfalme, kwamba wote wanaohusika "allow the bearer to pass freely without let or hindrance", na nchi kadhaa zilizowahi kutawaliwa na Waingereza, Kenya ikiwemo, ziliurithi mtindo huo kwa jina la rais. Mtunzi wa sentensi hiyo alikuwa mwangalifu: kwa kuruhusu alitumia "allow", akaiachia "let" kazi ya kuzuia peke yake. Mwenye pasipoti aombewe apite kwa uhuru, bila kizuizi wala pingamizi. Ni wale wale mabaharia wa Beowulf, ambao safari yao haikuzuiwa tena, ila madubwana yamebadilika na sasa yanakaa nyuma ya kioo na muhuri mkononi.

Pa tatu ni uwanjani. Katika tenisi, mpira wa kuanzisha ukigusa wavu na bado ukaangukia ndani ya kisanduku chake, mwamuzi huita "let" na mpira hurudiwa. Wengi hudhani anasema "net", yaani wavu, na kosa hilo linaeleweka kwa kuwa wavu umeguswa kweli. Neno, hata hivyo, ni lile la kizuizi, kwamba mchezo umeingiliwa. Kwenye skwoshi, mchezo wa kupiga mpira ukutani kwa raketi, hakuna wavu wa kumpotosha mtu. Wachezaji wawili wanagawana chumba kimoja, mmoja anakimbilia mpira, mwenzake amesimama njiani, basi yule anayekimbia anasimamisha pigo lake kabla hajampiga mwenzake kwa raketi, anamgeukia mwamuzi na kusema, "Let, please." Anamaanisha kwamba amezuiwa. Mwamuzi akikubali, hujibu "yes let", na mpira unachezwa upya.